Nani Anajua? Imani Wakati Matokeo Bado Hayajatoka

Andiko kuu: 2 Samweli 12:15–23
Soma pia: Yona 3, Esta 4, Kumbukumbu la Torati 19:15, Yohana 9:1–3



Wapendwa, wiki hii sina ushuhuda. Nasema mapema ndio mtu asisome mpaka chini akingojea mwisho mtamu. Ushuhuda huwa tunautoa mambo yakishaisha: nilikuwa mgonjwa, nikaombewa, nikapona, haleluya. Lakini kuna watu hapa kwetu ambao wako katikati. Wamepimwa, matokeo hayajatoka. Ama yametoka na daktari amesema hayajaeleweka vizuri, kwa hivyo warudi tena. Huyo akiitwa mbele na kupewa kipaza sauti, atasema nini? Mimi niko hapo katikati, na ndipo nimehubiria Jumapili hii.

Mama yangu anaishi Mukurwe-ini. Ana kahawa kidogo na ng'ombe wawili, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kumwona akilala mchana. Mwaka jana chakula kilianza kumkwama. Kwanza ilikuwa nyama. Baadaye githeri. Halafu hata ugali ukawa haushuki mpaka usukumwe na chai. Alienda dukani kwa dawa, akaambiwa ni asidi, akapewa zile tembe za kutafuna. Akaenda pengine, akaambiwa ni vidonda vya tumbo. Na mimi, mtumishi wa Mungu, nilimpigia simu nikamwambia apunguze maharagwe. Miezi ikapita hivyo.

Mwishowe tulimpeleka hospitali akapigwa kamera, ule mrija mwembamba unaoshushwa kooni mpaka tumboni. Daktari aliona mahali pamebana kwenye umio, yaani njia ya chakula. Akakata kipande kidogo sana cha nyama kipelekwe maabara. Akatuambia panaweza kubana kwa sababu ya asidi ya miaka mingi, panaweza kubana kwa saratani, na kuna sababu nyingine pia. Kwa macho peke yake hangeweza kuapa. Tukangoja wiki tatu. Ripoti ilipokuja ilisema kipande hakikutosha kutoa jibu. Rudieni.

Jioni hiyo tulikuwa nyumbani kwake, ndugu zangu wote wamekuja. Nikaombwa niombe. Niliomba kwa nguvu, nikafika mahali nikasema kwa sauti, "Mami, Bwana ameniambia si saratani!" Kila mtu akaitikia amina. Mama hakuitikia. Baadaye tukiwa wawili jikoni, mimi nimeshika thamosi, aliniuliza polepole. Yeye huniita "awa", kwa kuwa nimepewa jina la babake. Akasema, "Awa, ni Mungu amekuambia, ama ni wewe unaogopa?"

Kanisa, nilikaa kimya. Nikamwambia, "Ni mimi naogopa, Mami."

Akasema, "Haya, basi tuombe hivyo."

Hiyo ndiyo mahubiri ya leo. Kama umeshika hapo, umeshika yote. Lakini twende kwenye Neno.

DAUDI ALIOMBA BILA KUJUA

Tukisoma 2 Samweli 12, mtoto wa Daudi ni mgonjwa. Na Daudi hakuwa na ripoti ya maabara, alikuwa na kitu kikubwa zaidi: nabii Nathani alikuwa ameshamwambia mtoto atakufa. Bado Daudi alianguka chini, akafunga, akalala sakafuni siku saba. Baadaye watumishi walipomuuliza kwa nini alifanya hivyo, jibu lake lilikuwa swali. Aliwaambia kwamba mtoto alipokuwa hai alijiuliza, nani anajua kama Bwana hatamhurumia?

Nani anajua. Ebu mwambie jirani yako: nani anajua.

Sasa nenda Yona sura ya 3. Mfalme wa Ninawi amesikia mji utaangamizwa. Anavua joho lake, anaketi kwenye majivu, na anauliza maneno yale yale: nani anajua kama Mungu hatageuka? Nenda Esta sura ya 4. Mordekai anamtumia Esta ujumbe aende mbele ya mfalme, na anauliza vilevile: nani anajua, pengine ulifika ikulu kwa ajili ya saa kama hii?

Watu watatu waliuliza swali moja. Ninawi ikaokoka. Taifa la Esta likaokoka. Mtoto wa Daudi akafa. Usiruke hiyo ya tatu kwa sababu haipendezi kuhubiriwa. Wote watatu walimgeukia Mungu kwa moyo wote, na hakuna hata mmoja aliyejua mwisho wakati alipoanza.

Kwa hivyo usikubali mtu akuambie kwamba kusema "sijui" ni kukosa imani. Kujua mwisho si kazi ya imani. Imani inakufanya umwendee Mungu na umwendee daktari wakati mwisho haujaonekana.

Nilisoma biashara chuoni. Kuna mchumi Mmarekani aliyeitwa Frank Knight, ambaye mwaka 1921 alifundisha kwamba kuna hatari unayoweza kuihesabu, na kuna kutojua ambako hakuhesabiki. Ile ya kwanza ndiyo kampuni ya bima inakuuzia: inajua kati ya magari mengi ni mangapi kwa kawaida hupata ajali. Lakini mambo mengine ya maisha hayana hesabu ya kukutuliza. Hata daktari akikuambia ni watu wangapi kwa mia wenye dalili kama zako huwa na saratani, hakukuambia wewe ni yupi kati yao. Darasani niliandika hayo nikapita mtihani. Jikoni kwa mama ndipo niliyaelewa.

Na tafadhali, kwa sababu andiko letu linahusu dhambi ya Daudi, mtu asichukue hii mistari akaenda kumtafutia mgonjwa dhambi. Wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu yule kipofu, ni nani aliyekosa, yeye ama wazazi? Yesu alikataa swali lenyewe. Profesa Wangari Maathai, binti wa Ihithe hapa Tetu, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, na tarehe 25 Septemba 2011 saratani ya ovari ikamchukua. Gavana wetu wa kwanza, Nderitu Gachagua, alifariki London tarehe 24 Februari 2017 kwa saratani ya kongosho. Hizo ni saratani ambazo dalili zake za mwanzo hufanana na mambo ya kawaida: tumbo kujaa, mgongo kuuma, uchovu. Mwezi wa Julai 2019, ndani ya mwezi mmoja, Kenya ilimpoteza Bob Collymore wa Safaricom, kisha ikawapoteza mbunge Ken Okoth na Gavana Joyce Laboso, wote kwa saratani. Mnakumbuka hofu ya mwezi ule. Tusimwongezee mgonjwa mzigo wa kuulizwa alikosea wapi.

USIMSEMEE MUNGU

Mimi naamini uponyaji. Naamini neno la unabii. Lakini Paulo aliwaambia Wathesalonike wasimzimishe Roho, na hapo hapo akawaambia wajaribu kila kitu. Hayo mawili yanakaa pamoja. Nilipotangaza kwa mama kwamba si saratani, sikuwa nimesikia kitu. Nilikuwa nimechoka kungoja. Kutojua kulikuwa kunaniuma, nikaona nilizibe lile shimo na jina la Bwana.

Na shimo hilo linazibwa kwa njia mbili. Moja ni kutangaza "umepona" kabla ya wakati. Nyingine ni kutangaza "huyu ameenda" kabla ya wakati. Hii ya pili inatembea sana kwa simu zetu. Mtu amepatikana na uvimbe tu, hata haujapimwa, na tayari kwenye kikundi cha WhatsApp watu wanaandika kana kwamba wanapanga mazishi. Zote mbili ni kumsemea Mungu.

Wazee hapa wanakumbuka mwaka 2011, kijiji cha Samunge kule Loliondo, Tanzania. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alisema Mungu amemwonyesha dawa ya mti, kikombe kimoja kwa shilingi 500 za Tanzania. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na Wakenya walienda kwa wingi. Simhukumu mtu aliyepanda gari siku ile. Mtu ambaye ameambiwa "hatujui" mara tatu atapanda gari yoyote inayosema "tunajua". Lakini wapo waliorudi wakaacha dawa zao kwa sababu walikuwa wameshahakikishiwa. Hapo ndipo maneno ya uhakika yanapoua.

Hezekia, katika 2 Wafalme 20, aliahidiwa miaka kumi na mitano na Mungu mwenyewe. Na bado Isaya aliagiza tini zikandwe ziwekwe kwenye jipu lake. Kama Hezekia, akiwa na ahadi mkononi, alikubali tini, wewe uliye na amina ya ndugu zako pekee unaachaje kurudi kliniki?

Kuanzia sasa nimejiwekea kanuni, na mkinisikia nimeivunja, nishikeni koti. Nikimwombea mgonjwa sitamwambia aache dawa, asirudi kupimwa, wala kwamba ripoti itasema hivi au vile. Mungu akimponya, kipimo kitaona. Yesu aliwaambia wale wenye ukoma waende wakajionyeshe kwa makuhani, na kuhani ndiye aliyekuwa akipima mambo hayo wakati huo. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa.

KIPIMO KIMOJA NI SHAHIDI MMOJA

Torati ilisema neno lithibitishwe kwa mashahidi wawili au watatu. Hiyo ilikuwa ya mahakama, lakini hekima yake inatufaa hospitalini pia.

Wengi wetu tumewahi kuumwa na kichwa na joto mwilini, tukaingia kliniki ya karibu, tukatolewa damu, baada ya dakika chache tukaambiwa "ni taifodi". Mara nyingi kipimo hicho ni kile kinaitwa Widal. Hakioni mdudu mwenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili ulitengeneza kupigana naye, na askari hao wanaweza kubaki kwa damu muda mrefu baada ya vita kuisha, ama wakawa walitumwa kwa adui mwingine anayefanana naye. Kwa hivyo kipimo kinaweza kusema ndiyo na huna taifodi leo. Kinaweza pia kusema hapana na unayo. Kuna watu wanaotibiwa taifodi kila mwaka, na shida yao halisi haijawahi kutafutwa.

Linganisha na kipimo cha virusi vya Ukimwi. Mtu akionekana ana virusi kwa kipimo cha kwanza, mhudumu haandiki jibu la mwisho hapo. Anapima tena kwa kipimo kingine. Na aliyeambukizwa juzi anaweza kuonekana hana, kwa hivyo anaambiwa arudi baada ya muda. Hiyo tumeizoea, na hakuna mtu husema ati madaktari hawajui kazi.

Kwa hivyo daktari akisema "turudie", usitoke ukisema hospitali hiyo ni bure. Mara nyingine daktari anayesema "sina uhakika" ndiye anayekuheshimu zaidi. Hata wanasayansi wakubwa husema hivyo. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, kupita nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Walisema huenda. Hawakuapa, na hawakunyamaza. Sisi watu wa mlima tunaokunywa chai ikitoka tu kwa moto, hiyo "huenda" inatosha kutufanya tuache kikombe kipoe kidogo.

Ukienda kwa daktari wiki hii, beba maswali manne. Yaandike kwa karatasi, maana hofu husahaulisha.

Kwanza: unadhani hii ni nini?
Pili: inaweza kuwa nini kingine?
Tatu: ni kipimo gani kitatenganisha haya mawili, na jibu litatoka lini?
Nne: nikiona dalili gani nirudi haraka bila kungoja tarehe yangu?

Daktari mzuri hatakasirika. Ukitaka daktari wa pili aangalie ripoti, hiyo pia si dharau. Nenda na mtu wa kusikiliza pamoja nawe. Kama hujajiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, usingoje mpaka siku ya kulazwa. Na chakula kikikukwama, damu ikitoka mahali haikuzoea kutoka, uvimbe ukikaa, kikohozi kikikataa kuisha, uzito ukipungua bila sababu, usiuzungushe kwa maduka ya dawa kama tulivyofanya sisi. Inawezekana si saratani. Mara nyingi si saratani. Lakini nani anajua? Swali hilo lilimfanya Daudi aanguke kwa magoti. Likufanye wewe pia usimame uende ukapimwe.

TUSINONG'ONE

Rudi kwa Daudi. Siku ya saba mtoto alikufa, na watumishi waliogopa kumwambia. Wakaanza kunong'onezana. Daudi aliwaona wakinong'ona, akajua. Akawauliza moja kwa moja, nao wakamjibu ukweli. Ndipo akainuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana akaabudu, akala.

Sisi tumekuwa mabingwa wa kunong'ona. Mzazi anapelekwa hospitali, ripoti inasomwa na watoto kwa korido, halafu tunaingia tukitabasamu: "Hakuna kitu, mami, ni presha kidogo tu." Tunasema tunamlinda. Lakini yeye si mtoto. Anaona macho, anaona vile chakula kimepikwa kizuri kuliko kawaida. Anabaki peke yake na jambo ambalo wote tunalijua. Anaweza kutaka kugawa shamba kwa amani, kupatana na ndugu yake, kutubu, kuimba. Tunamnyima nafasi hiyo.

Muulize kwanza, "Ungetaka kujua kiasi gani?" Wengine watasema, nyinyi shughulikeni. Sawa. Lakini aulizwe. Nasi kanisani, ugonjwa wa mtu si tangazo. Kama hajaruhusu, jina lake lisisomwe kwa kipaza sauti wala lisitumwe kwa simu. Na badala ya kumwuliza kila Jumapili "matokeo yalisemaje?", jitolee kumsindikiza, kumkamulia ng'ombe siku ya kliniki, kumlipia gari ya kwenda Nairobi akitumwa huko.

MAHALI TUMEFIKA

Mama alirudi kukatwa kipande kingine. Jibu limeahidiwa Alhamisi. Ninapoandika haya ni Jumanne, na wengine wenu mtasoma kijarida hiki nikiwa tayari najua. Nimeona niandike kabla, ndio nisije nikahubiri kama mtu aliyejua tangu mwanzo.

Ripoti ikisema asidi, tutamshukuru Mungu na atatibiwa umio. Ikisema saratani, tutamshukuru Mungu tukilia, na atatibiwa vilevile. Wale vijana watatu mbele ya tanuru la Nebukadreza walisema Mungu wao anaweza kuwaokoa, na wakaongeza kwamba hata asipowaokoa hawataisujudu sanamu. Sanamu yangu ilikuwa uhakika. Nilitaka kujua kuliko nilivyotaka kutumaini.

Jana nilimpigia simu nikamwuliza amelalaje. Akasema vizuri, ng'ombe amezaa ndama jike. Nikamwuliza, na ile mambo ya Alhamisi? Akasema, "Hiyo ni ya Alhamisi, awa. Leo tuko na ndama."

Tuombe. Baba, tunaomba uponyaji, na hatuoni haya kuomba. Wewe unajua kilicho kwenye ile chupa ya maabara, sisi hatujui. Wape madaktari na watu wa maabara macho mazuri na mikono ya uaminifu. Yeyote anayengoja usiku huu, kaa naye mpaka asubuhi. Tufundishe kusema ukweli mbele zako, hata ukweli ukiwa ni kwamba tunaogopa. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Daudi, mfalme wa Ninawi na Mordekai waliuliza swali moja, lakini mwisho wao ulitofautiana. Hiyo inakufundisha nini kuhusu maombi yako ya sasa?
2. Umewahi kumwambia mgonjwa neno la uhakika ambalo kwa kweli lilikuwa hofu yako? Ungemwambia nini leo?
3. Ni nani kwenye kikundi chenu anangoja matokeo, na ni kazi gani ya mikono mnaweza kumfanyia kabla ya Jumapili? Mwulizeni kwanza kama angependa lijulikane.